Mkweche Unaopanda Mlima

Katika vijiji vya juu vya Same, gari husikika muda mrefu kabla halijaonekana. Barabara zinazotoka tambarare kwenda Mbaga, Suji, Chome au Vudee zimejikunjakunja ubavuni mwa mlima, hivyo mtu aliyekaa barazani huisikia injini ikipanda, ikipotea nyuma ya kigongo, kisha ikirudi karibu zaidi. Wazoefu hawaulizi ni gari la nani, maana mlio wanaujua. Wanajua pia kama leo limezidishiwa mzigo, kama plagi moja haichomi, kama dereva amechelewa kurudisha gia kwenye kona kali.

Mara nyingi gari hilo ni Land Rover ya zamani. Mjini wana jina lao kwa gari la umri huo: mkweche. Jina limebeba dharau, na dharau hiyo inatokana na kupima gari kwa mng'aro wa rangi na mwaka wa kutengenezwa. Kipya kinyemi, wahenga walisema, kingawa kidonda. Huku Upareni kipimo ni kingine. Masika yakishalainisha udongo mwekundu, gari hupimwa kwa kufika.

Wengi huliita 109, na hesabu hiyo ina maana yake: ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Chimbuko lake ni Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, aliyechora umbo la kwanza kwenye mchanga wa ufukwe wa Anglesey, Wales, mwaka 1947. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilikuwa kikitolewa kwa mgao, basi bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Uhaba ule ndio ulioyapa magari haya maisha marefu. Bodi ya aluminiamu haiozi kwa kutu kama ya chuma, hivyo mabati ya miaka ya 1960 bado yanapigwa rangi na kurudi barabarani. Chasisi lakini ni ya chuma, na hapo ndipo mauti yanapoingilia. Mnunuzi anayejua hadanganyiki na rangi. Hulala chali chini ya gari, akagonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti butu, kama mti ulioingiwa na mchwa.

Kinachomfanya mtu aipende mashine ya namna hii ni kwamba haimfichi kitu. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ina silinda nne zinazochoma kwa mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili, na fundi aliyeshika mpangilio huo kichwani anaweza kurudisha waya za plagi gizani. Hakuna kompyuta. Kuna kabureta, kuna distribyuta, kuna pointi mbili ndogo zinazofunguka na kufunga, na mwanya wake haufiki hata nusu milimita. Asiye na kipimo cha chuma hutumia kipande cha karatasi ngumu ya pakiti ya sigara. Ukizidisha mwanya, injini inakosa nguvu. Ukiubana mno, pointi zinaungua. Bodi yenyewe imeunganishwa kwa bolti, kwa hiyo mlango, bawa au paa hutolewa kwa spana na kurudishwa kwa spana.

Spana hizo zenyewe ni mtihani. Magari ya zamani ya Uingereza yalifungwa kwa bolti za vipimo vya inchi, na spana ya milimita ikilazimishwa huteleza na kuvila vichwa vya bolti. Mwenye seti kamili ya spana za inchi ni mtu wa kuheshimiwa. Hazikai kwake zote kwa wakati mmoja. Huzunguka kutoka ua mmoja hadi mwingine, na kila mtu anakumbuka ipi iko kwa nani.

Mlima ndio mwalimu mkuu wa ufundi huu. Mji wa Same uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 860, na kilele cha Shengena, juu ya msitu wa Chome, kinapita mita 2,400. Hewa ya juu ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa vizuri tambarare, ikifika juu hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi unakuwa mweusi, plagi zinafunikwa na masizi, nguvu zinapungua pale hasa zinapohitajika. Ukipunguza mafuta kwa ajili ya mlima, utalipa ukirudi kwenye joto la Makanya na Hedaru, maana injini yenye njaa ya mafuta huchemka upesi. Fundi wa hapa anatafuta kati, na kati hiyo haimo kwenye kitabu cha kiwandani. Ameipata kwa kupanda na kushuka na gari lile lile, akifungua plagi na kusoma rangi yake. Kahawia ya udongo mkavu ndiyo anayoitaka.

Kushuka nako kuna elimu yake. Breki zote nne ni za dramu, na dramu zikishapata moto hazishiki. Kwa hiyo dereva mzuri hashuki kwa breki, anashuka kwa gia. Kwenye matoleo ya kabla ya 1971 gia ya kwanza na ya pili haziingii kwa kusukumwa tu: lazima akanyage klachi, atoe gia, aachie klachi, apige mafuta kidogo, akanyage tena, ndipo aingize. Yote hayo kabla ya kona. Pembeni mwa gia kuu kuna vishikio viwili vifupi. Cha manjano hukandamizwa ili magurudumu manne yavute pamoja. Chekundu huvutwa nyuma kuingiza gia nzito za kupandia. Mtu akivitumia kwa wakati wake, utingo hana haja ya kuruka na jiwe la kuziba tairi.

Kuna sababu ya kutoshangaa kwamba chuma kimepata watu wa kukitunza katika milima hii. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyechapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, alieleza habari za Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi uliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Watu wa milima ya kaskazini mwa Upare walikusanya mchanga wenye chuma kutoka mitoni, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na silaha. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wateja wao. Haitakuwa haki kudai kwamba kila fundi gari wa Mwanga au Same ametoka kwenye damu ya Washana. Lakini ukimtazama mtu anayepasha moto jani la springi lililokatika, akilipiga hadi lipate tena mkunjo wake, huwezi kusema kwamba kazi hii ni ngeni hapa.

Na kazi haifanywi peke yake. Wapare wana neno msaragambo, kazi ya pamoja ya kufukua mfereji, kutengeneza njia, au kusafisha ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Kushusha gia boksi ya 109 ni msaragambo mdogo. Lazima sakafu ya gari ifunguliwe kwanza na viti vitolewe, kisha mzigo wa chuma unyanyuliwe kupitia mlangoni. Mmoja analeta jeki, mwingine mnyororo na gogo la kuning'inizia, mwingine analeta macho tu na kumbukumbu ya namna gari la marehemu baba yake lilivyofungwa. Huyu wa mwisho ana faida kuliko anavyodhaniwa. Mambo mengi ya magari haya hayajaandikwa kwa Kiswahili popote, yamehifadhiwa katika watu, na hutoka pale bolti fulani inapokataa na mtu mmoja akasema, "Hiyo inafungukia upande wa pili, kaka."

Ndiyo maana wenye magari haya hutafutana. Oktoba 2024 Land Rover za kila umri zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, kwa nia ya kuipita rekodi ya magari 632 iliyowekwa Bad Kissingen, Ujerumani, mwaka 2018. Yanayotoka Dar es Salaam na Tanga kwenda Arusha njia yake ni hii inayopita Hedaru, Makanya, Same na Mwanga, mlima ukiwa mkono wa kulia. Uzuri wa kukutana hivyo ni kwamba mtu aliyedhani tatizo la gari lake ni laana ya peke yake anakuta wenzake kadhaa wameshalipitia, na mmoja wao ana spea aliyoitafuta kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, bila mafanikio.

Mapenzi haya hayaishii kwenye Land Rover. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na ndiyo yaliyogeuka kuwa Safari Rally. Miaka ya 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo watu walilikodi kwenda msibani na harusini. Tangu 2003 magari ya enzi hizo yamepata mashindano yao, Safari Classic. Ushindi kama ule wa Shankland ndio uliomfanya Mwafrika Mashariki aamini kwamba uimara wa gari huthibitishwa na barabara zake mwenyewe.

Ubishi mkubwa kati ya wapenzi hawa ni injini. Petroli ya zamani inakunywa sana, kwa hiyo wengi wameing'oa na kuweka dizeli, ya Tdi au hata ya gari la Kijapani. Wengine wanaona huko ni kulitoa gari roho. Mwandishi wa makala haya anawaheshimu wanaobaki na petroli, kwa kuwa bila wao mlio ule na ujuzi wa kabureta vitatoweka pamoja; ila gari linalobeba tangawizi za wakulima wa Mamba Myamba haliwezi kudaiwa libaki kama lilivyotoka kiwandani. Linaloumiza ni gari kukatwa vipande na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, huku chasisi ikiwa bado inalia vizuri.

Asubuhi ya baridi, betri ikiwa imelala, bado kuna hendeli. Inachomekwa mbele, chini ya rejeta, na mzee mwenye gari humwita mjukuu aje ajifunze. Kwanza anakagua kama gia iko huru. Kisha anakishika kidole gumba cha kijana na kukiondoa kwenye chuma, akakilaza upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikipiga kinyume hendeli ichomoke kiganjani bila kuvunja mfupa. "Vuta juu, usisukume chini." Kijana anavuta. Injini inakohoa mara moja, inanyamaza. Mzee anasogeza choki kidogo, anarudi kusimama, na kijana anakiweka kidole pale pale alipoonyeshwa.