Gitaa la Bei Ndogo katika Albamu ya Hound Dog Taylor

Albamu ya *Hound Dog Taylor and the HouseRockers* ilitoka Chicago, Marekani, mwaka 1971. Ndiyo albamu ya kwanza ya kampuni ya Alligator, ambayo kijana Bruce Iglauer aliianzisha ili amrekodi mpiga bluzi huyu, baada ya kampuni aliyokuwa ameajiriwa kukataa kufanya hivyo. Wanaoizungumzia albamu hii hawakosi kutaja gitaa la Taylor: gitaa la umeme la Kijapani, la bei ndogo. Baadhi husema alipiga vizuri ingawa gitaa lilikuwa duni. Wengine, hasa wakusanyaji wa magitaa ya zamani, husema alipiga vizuri kwa sababu lilikuwa duni. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba kosa lao linatuhusu sisi tunaojifunza muziki kwa vyombo vya bei ndogo.

Tuanze na gitaa lenyewe. Kampuni ya Teisco ilianza Japan mwaka 1946, mara tu baada ya vita. Katika miaka ya 1960, vijana wa Marekani walipoingiwa na homa ya bendi za magitaa, Teisco na viwanda vingine vya Japan vilipeleka huko magitaa mengi ya bei nafuu. Yaliuzwa madukani na kwa katalogi, tena kwa majina mbalimbali: Teisco Del Rey, Kingston, Silvertone. Mwaka 1967 Teisco ilinunuliwa na Kawai. Magitaa hayo yalipendeza macho kwa swichi nyingi na vinasa sauti vitatu au hata vinne. Mnunuzi aliyelengwa alikuwa kijana anayeanza, ambaye mzazi wake hakuwa tayari kulipia Fender.

Nalifahamu gitaa la aina hiyo kwa vidole vyangu. Mjomba wangu, aliyekuwa akipiga kanisani hapa Kampala, aliniachia Teisco moja ya miaka hiyo. Shingo yake ni nene, na nyuzi zimeinuka mbali na freti kiasi kwamba ukizibana kwa saa moja vidole vinauma. Nikicharaza kodi karibu na mwili wa gitaa, sauti zinatoka zimepinda: kila uzi unadai haki yake peke yake. Swichi mbili zilikufa, fundi redio akazifufua kwa risasi na subira. Vinasa sauti navyo vinanasa kila kitu, hata mguso wa kucha kwenye plastiki. Kwa hiyo sitaki kumdanganya msomaji. Kasoro hizi ni za kweli, na anayeziita "utamu wa zamani" huenda hajawahi kupiga ibada nzima kwa gitaa kama hili.

Sasa tumsikilize Taylor. Yeye habani nyuzi kwenye freti kama nifanyavyo mimi. Amevaa bomba la chuma kidoleni na analitelezesha juu ya nyuzi. Kwa mtindo huo, freti zilizopangwa vibaya hazina madhara makubwa, maana anayeamua sauti ianzie wapi na iishie wapi ni sikio la mpigaji. Nyuzi zilizoinuka, zinazonitesa mimi, zinamfaa yeye: chuma kinapita bila kugonga freti. Vinasa sauti vyenye pupa navyo vinachukua mkwaruzo wa chuma na kuupeleka kwenye amplifaya iliyochoka, na sauti inatoka ikiwa na meno. Sikiliza "It Hurts Me Too", wimbo wa polepole ambao Elmore James alikuwa ameurekodi kabla yake. Pale gitaa linalia pamoja na sauti ya Taylor hadi huwezi kusema kipi kinamfuata mwenzake.

Huo si ushindi wa mtu dhidi ya chombo, wala si muujiza wa chombo kibovu. Mbinu na chombo vimepatana. Ushahidi umo ndani ya albamu hiyohiyo. Bendi ina watu watatu tu, bila mpiga besi: Taylor, Ted Harvey kwenye dramu, na Brewer Phillips kwenye gitaa la pili. Phillips alipiga Fender Telecaster, gitaa la Kimarekani lenye heshima. Yeye ndiye anayebeba mistari ya besi na midundo mifupi inayohitaji kila noti isimame mahali pake. Mpe Phillips gitaa la Taylor, na nyumba nzima itayumba. Kazi mbili zilihitaji vyombo viwili.

Albamu hii ina udhaifu pia. Ilirekodiwa kwa siku mbili, bendi ikipiga moja kwa moja kana kwamba iko baa, na kasi hiyo ina gharama yake. Nyimbo za haraka zinafanana mno. Kufikia "Give Me Back My Wig" sikio limeshajua chuma kitatua wapi. Pamoja na swichi zake zote, gitaa halileti rangi nyingi. Anayesema albamu haina dosari anafanya kosa lilelile la wakusanyaji, la kugeuza ufinyu kuwa sifa.

Na wakusanyaji hawa wana nguvu. Tangu Ry Cooder ajulikane kwa kufunga kinasa sauti cha Teisco kwenye Stratocaster yake, vinasa sauti vile vya karatasi ya dhahabu vimekuwa vikitafutwa sana. Magitaa mazima yanafunguliwa, kinachotakiwa kinatolewa, na mti unabaki bila kazi. Mimi mwenyewe nimeshaombwa niuze vya kwangu. Bei ilikuwa nzuri, na karo ilikuwa inadaiwa. Nilikataa, kwa sababu gitaa lisilo na sauti halimfundishi mtu.

Kuna msemo kwamba rahisi ni ghali. Mara nyingi ni kweli, lakini kwa mwanamuziki kijana unaweza kuwa kufuli. Nina wenzangu wenye masikio mazuri ambao hawajaanza kupiga, wakingoja siku watakapomudu chapa ya maana. Albamu ya Taylor haiwaambii kwamba chombo chochote kitafaa. Inawaambia wakikague walichonacho, wajue kinakataa nini na kinakubali nini, kisha watafute upigaji unaoanzia pale kinapokubali. Mimi nimeacha kulilazimisha Teisco langu lipige kodi za juu. Nimekata kipande cha bomba la chuma, nimekisugua makali, na sasa najifunza upya mahali sauti zilipo.