Mama, Kanisa na Simu Isiyopokelewa: Uhakiki wa Wimbo Mmoja wa Jukwaa la Marekani

Sanaa haiwezi kuhakikiwa nje ya jamii iliyoizaa. Wimbo wa mama mcha Mungu anayemwonya mwanawe kwa kuwa anapenda wanaume wenzake unaweza kuonekana kuwa ni jambo la nyumbani tu, ugomvi wa mzazi na mtoto usiohitaji nafasi katika kurasa za nadharia. Sisi tunaona vinginevyo. Wimbo huo, uitwao "Periodically", yaani kila baada ya muda, umo katika tamthilia ya muziki A Strange Loop ya Michael R. Jackson, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Detroit mwaka 1981, ambaye ndiye aliyetunga mchezo, maneno na mahadhi yake. Tamthilia hiyo ilionyeshwa New York mwaka 2019 katika jumba la Playwrights Horizons, ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2020, ikaingia Broadway mwaka 2022, na mwaka huo huo ikatunukiwa Tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki. Ilifungwa Januari 2023.

Mhusika mkuu anaitwa Usher, na jina hilo ndilo jina la kazi yake: huwaelekeza watazamaji kwenye viti vyao katika jumba linaloonyesha The Lion King. Baada ya kazi hujaribu kuandika tamthilia ya muziki juu ya kijana mweusi, mnene, anayependa wanaume wenzake, ambaye naye anaandika tamthilia juu ya kijana kama huyo. Kitanzi kinachotajwa katika jina la mchezo ndicho hicho. Wahusika wengine sita ni Fikra zake mwenyewe. Fikra hizo humsimanga, humdai, humtisha, kisha hugeuka kuwa mama, baba, wakala, daktari, au mwanamume aliyekutana naye usiku mmoja.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita The Lion King bila kutabasamu. Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno yetu, na kampuni ya Disney ilisajili hata "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani. Huyu hapa kijana mwenye asili ya Afrika, kizazi baada ya kizazi tangu babu zake wachukuliwe utumwani, akipokea ujira wa kuwafungulia watu mlango wa Afrika ya kuuzwa. Jackson halifafanui sana jambo hili, naye amefanya vyema kutolifafanua.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe. Kwa upande wa fani, ni ujumbe wa sauti ulioachwa kwenye simu. Mama anampigia mwanawe kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, naye hapokei. Basi mama anazungumza, na mazungumzo yanageuka kuwa wimbo, na wimbo unatoka kwenye heri na kufika kwenye dhambi bila kubadili sauti. Hapo ndipo ulipo ustadi. Mtunzi wa kawaida angeligawa jambo hili mafungu mawili: upendo kwa mahadhi laini, hukumu kwa ngoma nzito. Jackson ameyaacha yote mawili katika mahadhi yale yale ya upole, kama mtu anayemkumbusha mwanawe avae koti kwa kuwa nje kuna baridi. Kwa mama huyu upendo na onyo ni kitu kimoja. Anaamini kwa dhati kuwa mwanawe anakwenda motoni, na ni mzazi gani atamwona mwanawe anakwenda motoni akanyamaza? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo ndio unaomchoma mwana.

Umbo la ujumbe wa simu lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Katika mabishano ya ana kwa ana mwana angejibu, mama angejibu, na huenda mmoja wao angelia. Ujumbe wa simu hauna mlango wa kujibia. Mwana anaweza kuusikiliza mara kumi au kuufuta, lakini hawezi kuukatiza. Mahusiano ya aina hii, ya mzazi anayesema na mtoto anayesikiliza akiwa mbali, tunayajua pia wenyewe, sisi ambao ndugu zetu wametawanyika mijini na ng'ambo.

Kuna jambo la pili la fani. Mama huyu haigizwi na mwanamke. Huigizwa na mmoja wa zile Fikra sita, na tangu mwaka 2019 hadi Broadway aliyeubeba wimbo huo alikuwa mwanamume, John-Andrew Morrison. Aliuimba bila kumkejeli mama, na hilo si jambo dogo, maana mwanamume kuvaa sauti ya mama mlokole ni mzaha uliozoeleka mno katika majukwaa ya watu weusi wa nchi ile. Maana yake ni hii: mama tunayemsikia ni yule aliyekwisha kuingia kichwani mwa mwanawe. Hata simu ikikatwa, anaendelea kuimba. Kwa lugha ya nadharia, itikadi imehama kutoka kinywani mwa mzazi na kujenga makao katika nafsi ya mtoto, na huko haihitaji tena mtu wa kuihubiri.

Hatuna budi kuwa waangalifu hapa. Kuna wahakiki wanaojiita wa kimaendeleo ambao wakimwona mtu wa dini jukwaani huona ujinga tu. Hao wamekariri nusu ya maneno ya Marx juu ya dini na kuisahau nusu inayozungumzia kilio cha wanaonyanyaswa. Kanisa la watu weusi wa Marekani halikuanza kama chombo cha kuwahukumu watoto wao. Richard Allen na wenzake waliunda madhehebu yao Philadelphia mwaka 1816 kwa sababu katika kanisa la Wazungu walitengwa hata wakati wa kusali. Mgomo wa mabasi wa Montgomery wa mwaka 1955 na 1956 uliendeshwa kutoka makanisani. Huko Birmingham mwaka 1963 wabaguzi walilipua kanisa na kuwaua wasichana wanne, kwa kuwa walijua nguvu za umma zilikuwa zinakusanyikia wapi. Mama anapomsihi mwanawe arudi kwa Mungu, anamsihi pia arudi ndani ya nyumba pekee ambayo watu wake waliwahi kuimiliki.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na chumba kilichofungwa. Bayard Rustin, aliyeratibu maandamano makubwa ya Washington ya mwaka 1963, alikuwa mwanamume apendaye wanaume wenzake. Mwaka 1960 ilimbidi ajiondoe katika jumuiya ya Martin Luther King kutokana na vitisho vya Adam Clayton Powell, mbunge wa Harlem ambaye pia alikuwa mchungaji. Ujuzi wake ulihitajika, na baadaye alirudishwa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulinganishwa naye, lakini maisha yake yalitakiwa yasitajwe. Ukinzani huo ndio unaosikika katika sauti ya mama. Vilevile James Baldwin, aliyehubiri Harlem akiwa bado mvulana, aliandika The Amen Corner, mchezo wa mama mchungaji anayempoteza mwanawe kwa muziki. Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1955. Katika mchezo ule mwana anaondoka na mama anabaki na kanisa lililomponyoka. Jackson anaanzia pale Baldwin alipoishia: mwana amekwisha kuondoka, yuko New York, na mama bado ana namba yake ya simu.

Mama ana ombi jingine. Anataka mwanawe aandike mchezo wa injili kama ile ya Tyler Perry. Usher anaidharau michezo hiyo, na mtunzi anaidharau pamoja naye. Tunaelewa sababu, kwa kuwa michezo hiyo humwadhibu mkosaji na kumwokoa mtiifu kwa urahisi mno. Hata hivyo, mwenzetu mmoja aliuliza swali tulipokuwa tukijadili tamthilia hii, nalo limetukaa rohoni: ni nani alijaza kumbi za Perry? Ni akina mama hao hao, waliotoka kazini na kanisani, wakalipa kwa fedha zao kabla Hollywood haijamjua mtu huyo. Fedha hizo zilimwezesha mwaka 2019 kuzindua studio za filamu Atlanta kwenye ekari 330 zilizokuwa kambi ya jeshi. Amekuwa bepari, hilo halina ubishi. Lakini wateja wake wa kwanza si mabepari.

Upande wa pili tuwatazame wateja wa Broadway. Takwimu za chama cha wenye majumba hayo za msimu wa 2018 na 2019 zinaonyesha kuwa wastani wa kipato cha kaya ya mtazamaji ulikuwa dola 261,000 kwa mwaka, na wasio Wazungu walikuwa asilimia 26 tu. Basi, mama mweusi mlokole anaimba mbele ya matajiri ambao wengi wao walikwisha kumhukumu kabla ya pazia. Je, tamthilia inamkabidhi kwao? Katika "Periodically" tunajibu: la hasha. Wimbo unamlinda. Aliyekuja kucheka anajikuta anamkumbuka mama yake.

Hatuwezi kusema vivyo hivyo kwa moyo mweupe juu ya sehemu ya baadaye, pale Usher anapouandika mchezo ule wa injili na kuufanya silaha. Kwaya inaimba kuwa UKIMWI ni adhabu ya Mungu, kwa mdundo unaowavuta watu wapige makofi kabla hawajaelewa wanachokipigia makofi. Hasira hiyo ni ya haki. Mwaka 2016 taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilikadiria kuwa, hali ikibaki vile, mmoja kati ya kila wanaume wawili weusi wenye mapenzi ya jinsia moja angeambukizwa virusi katika maisha yake. Watu wanaokufa hivyo, kisha wakahukumiwa tena mbele ya jeneza, wana haki ya kupaza sauti. Kasoro yake ni ya kisanaa: mama aliyekuwa mtu kamili ndani ya simu anapunguzwa kuwa kinyago cha kanisa zima. Kwa muda, tamthilia inafanya kile ilichomlaumu Perry. Nadhani mtunzi analijua hilo, kwa kuwa baada ya kwaya kunyamaza anamrudisha mama mbele ya mwanawe, wala hampi yeyote kati yao ushindi.

Rekodi za tamthilia hii zipo, ya mwaka 2019 na ya Broadway. Tunamshauri msomaji ausikilize "Periodically" peke yake kwanza, kabla ya kuijua hadithi nzima, kama ujumbe wa mtu asiyemfahamu ulioingia simuni kwa makosa. Kisha ajaribu kusema ni wakati gani hasa sauti ya mama ilipoacha kumpongeza mwanawe na kuanza kumhukumu. Sisi tulirudia mara tatu, na hatukukubaliana.