Wema Unapogongana na Wema

Michezo mingi ya kuigiza wahusika humpima shujaa kwa mizani moja: wema huku, uovu kule. Katika Star Wars: Knights of the Old Republic, uliotoka mwaka 2003, matendo humsogeza mchezaji kwenye Nuru au Giza, na aliyeegemea upande mmoja hutumia nguvu za upande huo kwa gharama nafuu. Anayebaki katikati hapati nafuu hiyo, kwa hiyo inafaa kuchagua upande mapema na kushikamana nao. Baada ya hapo mchezaji hajiulizi tena lipi ni haki, bali jibu lipi lina alama.

Wanaostahili sifa ni wabunifu waliotambua kwamba utu hupimwa zaidi pale jema linapogongana na jema. Ultima IV ya Richard Garriott, ya mwaka 1985, haina adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Safari nzima ni ya kukamilisha fadhila nane. Dukani kwa muuza dawa kipofu, mnunuzi ndiye anayetaja kiasi anacholipa. Akipunja, hakuna anayemkemea. Uaminifu wake hupungua kimyakimya. Mwaka huohuo ulitoka Pendragon, mchezo wa mezani wa Greg Stafford kuhusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Humo tabia zimepangwa katika jozi 13, na kila jozi hujumlishwa kuwa 20: mwenye huruma 13 ana ukatili 7. Adui anapopiga magoti, dadu ya pande 20 huweza kurushwa, na ikitoka 13 au chini, shujaa husamehe. Tena Mkristo husifiwa kwa unyenyekevu, ilhali mpagani husifiwa kwa kujivuna, kwa hiyo kitabu hakitoi hukumu moja kwa wote.

Wapo watakaosema dadu inampokonya mchezaji uhuru wake. Lakini namba zile ni zao la matendo yake ya jana, na sheria humlazimisha kurusha hasa pale tabia imeshakomaa hadi 16 au zaidi. Hata nje ya mchezo, mazoea hutubana vivyo hivyo. Wengine watahofu kwamba uovu usipotajwa, kila kitu kitakuwa ruksa. Fallout: New Vegas, wa mwaka 2010, unawajibu. Haukuifuta mizani ya zamani, ila uzito mkubwa uliuweka kwenye sifa ya mchezaji mbele ya kila kundi, na katika kundi lilelile jina zuri na jina baya huhesabiwa mbalimbali. Ukiwaokoa wanakijiji leo, wizi wa jana haufutiki. Mizani moja ingetoa hili kwa lile na kukuacha safi.

Mshika mbili moja humponyoka. Mizani ya Nuru na Giza hukuambia ulichopata tu. Mchezo uliosukwa vizuri hukufanya ujue pia ni wema gani ulioachia, na ni nani aliyeukosa.