Melos Imeanguka, Sasa Geuza Ukurasa

Kuna sentensi moja ya Thucydides ambayo watu wameichosha. Utaikuta kwenye hotuba, kwenye vitabu vya siasa, hata kwa wale wa mtandaoni wanaotaka kuonekana wagumu. Ni ile ya wenye nguvu na wanyonge, na nani anapaswa kumeza nini. Kila ikitajwa, inatajwa kana kwamba mwandishi mwenyewe ndiye anatufundisha maisha. Zii. Wanaoitamka ni wajumbe wa Athens, yaani wahusika ndani ya kitabu chake, na tukilisahau hilo tunakisoma kitabu kichwa chini.

Mwaka ni 416 KK. Athens imeishika bahari ya Aegean na inatoza kodi visiwa vyake. Melos, kisiwa kidogo chenye asili ya Sparta, kinakataa kuingia kwenye himaya hiyo. Basi zinakuja merikebu 38, zikiwemo 6 za Chios na 2 za Lesbos, pamoja na askari wa ngao kama 2,700 ukijumlisha washirika. Kabla ya kupigana, wajumbe wanatumwa kuongea.

Hapo Thucydides anaacha kusimulia. Anaandika majibizano kama ya jukwaani, upande huu ukisema na ule ukijibu, kwa urefu ambao hautauona penginepo kwenye kitabu. Naye wakati huo alikuwa uhamishoni, kwa sababu mwaka 424 KK, akiwa jenerali, alichelewa kuuokoa mji wa Amphipolis. Kwa hiyo maneno tunayosoma ameyapanga yeye. Wajumbe wanasema habari ya haki tuiweke kando, tuongee faida. Wamelos wanajibu kwamba miungu ipo, na Sparta itakuja. Wajumbe karibu wacheke: Sparta itapita wapi, na bahari ni yetu? Na tumaini, kwao, ni starehe ya mwenye akiba. Ukiwa na kidogo litakufilisi.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wasomaji wengi huliruka. Wakubwa wa Melos hawakuwaruhusu wajumbe kuongea mbele ya wananchi. Kikao kilikuwa cha wachache, mlango umefungwa. Uamuzi wa kuhatarisha kila mtu kisiwani ulipitia hapo, na baadaye mji ulipoanguka, usaliti wa ndani ulichangia. Nani alisaliti, na kwa nini? Thucydides hasemi. Mtu wa kawaida wa Melos hana hata mstari mmoja kwenye majibizano yote, na mimi hilo bado linaniuma. Wanaume wazima waliotekwa wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani, na walowezi 500 wakaletwa kutoka Athens. Mauaji hayo yanapewa nafasi finyu kabisa, kisha sehemu inaisha.

Wengi hufunga kitabu hapo wakiwa wamepata sentensi yao. Geuza ukurasa.

Majira ya baridi ni yale yale, na Athens sasa inataka Sicily. Jambo la kwanza tunaloambiwa ni kwamba wengi wao hawakujua ukubwa wa kisiwa hicho wala wingi wa watu wake. Kisha inakuja jiografia: meli ya mizigo huchukua karibu siku nane kukizunguka, halafu orodha ndefu ya makabila yaliyohamia huko. Inachosha, nakubali. Lakini ni kofi. Waliowapa Wamelos somo la ramani hawajui wanakokwenda wenyewe. Nicias anajaribu kuwatisha kwa kuwatajia gharama na idadi ya askari watakaohitajika, nao ndio kwanza wanapandwa na mori. Tumaini lile lile walilolicheka Melos linapigiwa kura mchana kweupe. Mwaka 413 KK jeshi hilo limekwisha, na mateka wasiopungua 7,000 wako kwenye machimbo ya mawe huko Syracuse, wakipewa maji kama kikombe kimoja kwa siku.

Kuna watakaosema ni bahati tu: matukio yalifuatana, naye akayaandika yalivyofuatana. Sawa, lakini mpangilio wa miaka haukumlazimisha kuipa Melos nafasi yote ile. Miaka mitano tu kabla yake, Athens iliufanyia mji wa Scione unyama huo huo, na Thucydides akaumaliza kwa sentensi moja, akaendelea na mengine. Melos aliichagua. Aliiweka mlangoni mwa Sicily, akawapa wajumbe hoja kali kabisa, halafu akatuonyesha mji wao ukifanya kila walichokiita upumbavu.

Kitabu chenyewe hakikukamilika, kinakatikia mwaka 411 KK. Aliyeendeleza simulizi ni Xenophon. Anasema usiku ule wa 405 KK, habari zilipofika Athens kwamba meli zao zimekwisha, hakuna aliyelala. Waliogopa kufanyiwa waliyowafanyia wengine, na jina la kwanza analolitaja ni Melos. Muda si muda Lysander, kamanda wa Sparta, akawakusanya Wamelos aliowapata na kuwarudisha kisiwani kwao. Sparta ilikuja kweli, ila kwa kuchelewa miaka kama 11.