i7 ya Kizazi Gani?

Kompyuta ninayoichambua hapa ni Dell OptiPlex 3020 ya mtumba, inayohudumia steshenari moja ya Misugusugu, kando ya Barabara ya Morogoro. Kazi zake ni zile za kila steshenari: kuchapa barua na CV, kuwaombea vijana mkopo HESLB, kujaza maombi ya Ajira Portal, kufungua TAUSI kwa mfanyabiashara anayetafuta leseni. Ndani ilikuwa na prosesa ya Core i3-4130, ramu ya GB 4 na hadi diski ya kawaida. Ilikuwa nzito kupita kiasi. Mwenye duka alikwisha kuambiwa na fundi kwamba dawa yake ni i7, na akiba ya kuinunua alishaanza kuiweka. Alitaka kujua fedha hiyo itamnunulia nini hasa.

Tuanze na prosesa zenyewe. i3-4130 ina viini 2 vinavyoendesha nyuzi 4, kwa kasi ya GHz 3.4. i5-4590 ina viini 4 na nyuzi 4, ikipanda hadi GHz 3.7. i7-4770 ina viini 4 na nyuzi 8, ikifika GHz 3.9. Kwenye kipimo cha PassMark, ya kwanza hupata alama kama 3,400, ya pili kama 5,300, ya tatu karibu 7,000. Anayeishia hapo ataona i7 ni mara mbili ya i3, na atatoa fedha. Lakini PassMark hiyo hiyo hupima pia uzi mmoja, yaani kazi inayobebwa na kiini kimoja peke yake, na hapo zote tatu zinakaribiana, kati ya 1,900 na 2,200 hivi. Kuchapa barua, kufungua PDF na kusogeza ukurasa wa fomu ni kazi ambazo sehemu kubwa hubebwa na kiini kimoja. Mteja anayesubiri CV yake itoke hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho.

Basi uzito ule ulitoka wapi? Jibu lilikuwa kwenye Task Manager, na ningependa kila mwenye duka aizoee kabla hajapanda gari kwenda Kariakoo. Tuliifungua wakati mbaya kuliko wote: asubuhi, mashine imetoka kuwashwa, Windows inajisasisha, Chrome ina madirisha ya mifumo mitatu minne ya serikali, na kwenye benchi watu wanangoja. Diski ilikuwa imesimama kwenye asilimia 100 haishuki. Ramu ilikuwa imejaa. Prosesa, ile iliyokuwa inalaumiwa, muda mwingi ilikuwa inasubiri tu.

Vitu hivyo viwili vinahusiana. Ramu ikijaa, Windows huhamishia diskini vile ambavyo havitumiki kwa dakika hiyo, kisha huvirudisha vinapohitajika. Hadi diski ina kichwa kinachotembea juu ya sahani inayozunguka, na kwa maombi madogo madogo yaliyotawanyika huweza kuhudumia kama 100 tu kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka, na huhudumia makumi ya maelfu. Ukiweka i7 mbele ya diski kama ile, umenunua prosesa ya kusubiri kwa kasi zaidi.

Kilichofanyika kilikuwa kidogo. Mfumo ulihamishiwa kwenye SSD ya SATA, na hadi diski ikabaki humo humo kuhifadhi mafaili ya wateja. Ikaongezwa kipande cha pili cha ramu ya DDR3, GB 4, chenye kasi sawa na cha kwanza. Hiki kipande cha pili kina faida mbili, na mafundi wengi hutaja moja. Mbali na kufikisha GB 8, vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi sambamba: njia ya DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, mbili hupitisha 25.6. Picha za kioo kwenye mashine hizi hutolewa na prosesa yenyewe kwa kukopa ramu hiyo hiyo, kwa hiyo nazo hunufaika. Baada ya hapo i3 ile ile ikawa inaonekana mpya.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani prosesa haina maana. Mwenye duka ana mpango wa kuanza kuhariri video za harusi na send-off, na hapo hesabu inageuka. Kutoa video iliyohaririwa hutumia kila kiini kilichopo, na i7-4770 inaweza kumaliza kwa karibu nusu ya muda wa i3. Sasa ndipo bei inapostahili kupimwa, na namna ya kuipima ni kutazama nyongeza. Tuchukue bei za mfano tu: i5-4590 kwa shilingi 60,000, na i7-4770 kwa shilingi 130,000. Kutoka i3 kwenda i5 unapata alama 1,900, sawa na shilingi 32 kwa kila alama. Kutoka i5 kwenda i7 unaongeza shilingi 70,000 kwa alama 1,700, yaani shilingi 41 kwa alama. Weka bei ya duka lako, urudie. Mara nyingi hatua ya pili ndiyo ghali, kwa sababu soko la mtumba linatoza jina.

Jina hilo ndilo linalonikera. Intel ilipoziuza mpya, i3-4130 ilikuwa kama dola 120, i5-4590 dola 192, i7-4770 dola 303. Ukigawanya, kila dola ilinunua alama 28, 28 na 23. Kisha Machi 2017 AMD ikaleta Ryzen, na Intel, ambayo kwa miaka kumi ilikuwa imewaweka wanunuzi wa kawaida kwenye viini 4, ikalazimika kufungua mkono. Oktoba mwaka huo ikatoa i3-8100 yenye viini 4 kwa dola 117. Alama zake ni kama 6,100, zaidi ya 50 kwa dola. i3 hiyo inaipita i7-2600 ya 2011 na inakaribiana na i7-3770 ya 2012, lakini bado kuna watu wanalipa zaidi kwa zile mbili kwa kuwa zimeandikwa 7.

Kuna na suala la kuingiliana. OptiPlex 3020 ina soketi ya LGA1150, inayopokea kizazi cha nne. Kizazi cha tatu ni LGA1155, cha sita hadi cha tisa ni LGA1151, na hata hapo madabodi za kizazi cha sita na cha saba hazikuundwa kupokea cha nane ingawa soketi ina jina lile lile. i5-4590 ni ya 2014, kwa hiyo BIOS isasishwe kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imekaa. Pini ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa. Kidole kikiteleza, madabodi imekwenda. Umeme si tatizo kubwa: i3 ni wati 54, hizo nyingine 84. Hata zikikimbizwa saa nane kwa siku 26, tofauti ni yuniti 6 na kitu, kama shilingi 2,200 za LUKU kwa mwezi.

Kilichoamua mwisho kilikuwa tarehe. Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0. i7-4770, ya kizazi cha nne, haimo. Akiba ya i7 kwa hiyo haikuguswa. Inaendelea kukua kwa ajili ya mashine ya pili, ya i5-8400, viini 6, alama kama 9,000, itakayobeba video na mifumo ya serikali. Ile 3020 itabaki na barua na CV, nje ya mtandao.