Picha za Bundi

Siku hizi mtu wa Dar es Salaam akiwa na simu tu huweza kupiga picha ya bundi, na picha hizo zapita mkono kwa mkono. Nyingi ni za namna moja: usiku, ukingo wa paa, uso mweupe mfano wa moyo, na macho yaliyopigwa na taa kali hata yakawa kama ya pepo. Twataka kuzipima kama tupimavyo kitabu, tukiuliza kama zasema kweli.

Twaona hazisemi kweli. Bundi huyo mwenye uso mweupe hupenda kukaa darini na minarani, karibu na watu, kwa ajili ya panya. Tazameni Kariakoo: tangu soko lile la Beda Amuli lifunguliwe mwaka 1975, na hata baada ya moto wa Julai 2021, mitaa yake ni mahali pa magunia, dagaa, viazi na taka. Penye hayo pana panya. Bundi husikia mchakacho wa panya gizani, maana uso wake ule wa duara hukusanya sauti na kuipeleka masikioni. Hushuka kwa mbawa zisizovuma, humeza nyama yake nzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Mwenye kupasua vidonge vilivyo chini ya kiota aweza kuhesabu mafuvu. Ni hiyo kazi yake, nayo katika picha hizo haionekani hata kidogo. Yaonekana macho tu.

Na watu wetu tayari wayaogopa macho hayo. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba bundi akilia juu ya nyumba atakufa mtu, akionyeshwa picha ya namna hiyo husema, “Mwaona wenyewe?” Kisha mawe huokotwa. Mambo ya Walawi yakataza kumla bundi. Kumpiga mawe hayakuagiza.

Eric Hosking, Mwingereza aliyefariki mwaka 1991, alijua zaidi. Picha yake moja mashuhuri ni ya bundi wa jamii hiyo hiyo ya uso mweupe, mbawa zimeinuliwa pande mbili, mdomoni ana mnyama mdogo mfano wa panya. Hosking naye alitumia taa, lakini hata asiyejua kusoma aifahamu: huyu arudi kutoka kazini. Twaiweka mbele ya zote tulizozitaja. Mtu huyo aligharimiwa sana na bundi, maana mwaka 1937 huko Wales, majira ya machipuo, bundi wa misitu mwenye makinda alimrukia usiku akapoteza jicho la kushoto. Hakuiacha kazi, wala sisi hatumlaumu yule ndege.

Tena kuna kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, juu ya ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Humo ndege wamechorwa kwa mkono, nayo michoro ni safi sana. Mwalimu akiwa nacho hatachanganya bundi mmoja na mwingine. Ila kila ndege amesimama peke yake juu ya karatasi nyeupe, hana paa, hana panya, hana jirani. Kwa kutambua chatosha. Kwa kumtoa mtu hofu hakitoshi, na kwa kuwa ni cha Kiingereza, wenye hofu hiyo wengi hawatakisoma.

Lawama yetu kubwa ni kwa wale wamtoao bundi mafichoni mchana ili wapate nuru nzuri. Dar es Salaam imejaa kunguru wa Kihindi, nao wakimwona bundi nje mchana humzingira na kumdona kwa makelele. Mpiga picha huenda zake na picha yake. Bundi huachwa na kunguru.

Wengine huandika chini ya picha kwamba ni za majira ya machipuo. Hayo ni ya Ulaya. Sisi tuna masika na vuli, na mwenye kuandika habari za ndege wa Kariakoo na atumie kalenda ya Kariakoo, aandike mwezi, mtaa, na kile ambacho ndege alikuwa amekishika kuchani.