Bawa Liliua Wawili, Uwanja Ukaua Ishirini na Tisa

Kila Septemba, viwanda vya ndege vya Uingereza vilikuwa vikikutana Farnborough kuonyeshana ubabe. Maonyesho ya mwaka 1952 yalikuwa na mvuto wa pekee: marubani walishuka kutoka juu sana, wakavuka kasi ya sauti, na kishindo kikatangulia kuwafikia watazamaji kabla ndege yenyewe haijaonekana. Jumamosi ya tarehe 6, watu zaidi ya laki moja walikuwa uwanjani na kwenye kilima kinachoutazama.

Rubani wa majaribio John Derry hakuwa mgeni wa mchezo huo. Miaka minne kamili kabla, tarehe 6 Septemba 1948, alikuwa ameripotiwa kuwa Mwingereza wa kwanza kuruka kwa kasi inayozidi ya sauti. Siku hii ya 1952 alikuwa na mwangalizi wake, Tony Richards, ndani ya ndege ya kivita ya majaribio DH.110, yenye injini mbili na mikia miwili, kazi ya kampuni ya de Havilland. Ndege iliyotarajiwa kuruka ilikuwa na hitilafu, ikabidi wawili hao wakaifuate nyingine, WG236, huko Hatfield.

Kishindo kilisikika. Derry akapita chini kwa takriban kilomita 830 kwa saa, akageukia kushoto, kisha akaanza kuinua pua huku ndege ikijiviringisha. Hapo ndipo ilipopasuka. Filamu zilizopigwa na watazamaji wa kawaida ziliwasaidia wachunguzi kuona kile ambacho jicho halikuwahi: sehemu ya nje ya bawa la kulia ilitangulia kukatika, ndege ikafyatuka kuelekea juu, na nguvu ya mfyatuko huo ikang'oa chumba cha rubani, mkia na injini zote mbili. Yote hayo hayakuchukua hata muda wa mtu kugeuza shingo.

Chanzo kilikuwa ukingo wa mbele wa bawa. Katika usanifu huo, bati la ukingo lilipindwa mbele ya boriti kuu na kuungana nayo, likawa bomba lenye umbo la herufi D. Bomba hilo ndilo linalozuia bawa lisisokoteke. De Havilland walikuwa wamelitumia kwenye Vampire na Venom bila tatizo. Lakini DH.110 ilikuwa na kasi kubwa kuliko hizo, na Derry aliipa mizigo miwili kwa wakati mmoja: kuinua pua kulipinda mabawa kwenda juu, kujiviringisha kukayasokota. Chukua debe tupu, likunje huku unalinyonga, utaona pale bati linapobonyea ghafla. Ndani ya ukingo ule hapakuwa na vishikizo vya kutosha kulizuia bati lisibonyee, na likishabonyea, bomba si bomba tena.

Dawa ya kosa hilo ilipatikana. DH.110 iliyobaki iliimarishwa mabawa na kurudi angani, na kizazi chake, Sea Vixen, kiliingia kwenye jeshi la majini mwaka 1959. Wakazi wa Dar es Salaam wanahusika kidogo na kisa hiki: meli ya HMS Centaur, iliyoletwa pwani yao Januari 1964 wakati wa maasi ya wanajeshi wa Tanganyika, ilikuwa imebeba ndege hizo.

Hata hivyo, bati lililobonyea linaeleza vifo viwili tu, vya Derry na Richards. Watazamaji 29 waliuawa na jambo jingine. Ndege ilipopasuka, ilikuwa inageuka kuuelekea umati, na vipande vikaendelea na safari ileile. Injini moja ilitua katikati ya watu kilimani. Hiyo ndiyo iliyoua wengi. Majeruhi walikuwa wapatao 60. Ajabu ni kwamba uwanja ulisafishwa na maonyesho yakaendelea: rubani Neville Duke alipaa na ndege ya Hawker Hunter na kupiga kishindo chake alasiri hiyohiyo.

Baadaye ndege za jeti zilitakiwa kukaa angalau mita 210 kutoka kwa watazamaji zikiruka moja kwa moja, mita 410 zikifanya manjonjo, na zisishuke chini ya mita 150. Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa masharti hayo uko wapi. Kwa kasi aliyokuwa nayo Derry, mita 210 ni safari isiyofika sekunde moja, na 410 haifiki sekunde mbili. Injini iliyong'oka haiulizi umbali huo. Kinachomwokoa mtazamaji ni uelekeo: ndege ipite sambamba na umati, isigeuzwe kuukabili. Mwandaaji wa maonyesho yoyote ya anga anayepima mita peke yake, bila kuuliza pua ya ndege itaangalia wapi pale inapobanwa zaidi, hajaisoma ajali ya Farnborough.